Jirani Wakati wa Tauni: Habari ya Bunagana na Milima ya Bwisha

Tunaposoma habari za maradhi makubwa ya dunia, kwa kawaida twaona majina ya waganga, ya dawa na ya wakubwa wa serikali. Hayo yote yana maana yake. Lakini mtu anayeugua usiku wa manane, juu ya kilima kisicho na njia ya motokari, hamwiti waziri wala mganga mkubwa. Amwita jirani. Nataka basi kuandika hapa habari ya jirani huyo: namna watu wa kijiji wanavyosaidiana wakati maradhi ya kuambukiza yanapoingia, na namna msaada wao unavyoweza kuvunjika. Nachukua mfano wa Bunagana na milima inayoizunguka, kwa maana huko mpaka, vita na maradhi vimekutana mara nyingi mbele ya macho yetu.

Swali ni hili. Katika maradhi ya kuambukiza, mkono unaosaidia waweza kuwa mkono unaoua. Jirani akija, labda aleta ugonjwa nyumbani, ama aupeleka kwake. Asipokuja, mgonjwa afa peke yake. Watu wetu wamejibu nini?

I. Mahali penyewe

Bunagana ni mji mdogo wa mpaka, katika Jomba, usultani wa Bwisha, teritwari ya Rutshuru. Ng'ambo ya baryeri ni Uganda, wilaya ya Kisoro, inchi ya Bufumbira. Upande wa kusini yasimama milima ya Virunga, na juu ya kilele cha Sabyinyo zakutana inchi tatu: Kongo, Uganda na Rwanda.

Mpaka huo haukuchorwa na wenyeji. Wabelgiji, Waingereza na Wadachi walikata shauri lake huko Brussels mwaka 1910, na mwaka 1911 wapimaji wakaja kuweka alama katika milima. Tangu hapo jamaa moja yaweza kuwa na shamba Kongo na mashemeji Uganda. Lakini lugha haikukatwa: mtu wa Jomba na mtu wa Kisoro wasikilizana pasipo mkalimani.

Watu wa milimani ni wakulima wa maharagi, viazi, mahindi na mtama. Watu wa mjini waishi kwa barabara, ile itokayo Kampala, ikapita Kisoro, ikashuka Rutshuru na Goma. Hapo utaona makamyo, wabeba mizigo, wenye kubadili feza, vijana wa moto, na wanawake wanaovuka asubuhi na vikapu na kurudi jioni. Msomaji ashike tofauti hii moyoni: mkulima ana akiba ya maharagi nyumbani, lakini mtu wa barabara ala leo alichopata leo. Tutairudia mbele.

II. Ingobyi

Kwa Kinyabwisha, ingobyi ni ngozi ambayo mama ambebea mtoto wake mgongoni. Neno hilohilo ni jina la kitanda cha kubebea mgonjwa, kile ambacho wenzetu wa sehemu nyingine za Kongo wakiita kipoyi. Wazee hawakuona haja ya maneno mawili. Mtoto asiyeweza kutembea abebwa na mama. Mtu mzima asiyeweza kutembea abebwa na kilima chake.

Desturi yenyewe twaijua sote tuliozaliwa huko. Mgonjwa akizidiwa, watu waitwa, wanaume wanne waweka miti mabegani, na wengine wafuata nyuma ili kupokezana. Wanawake wabaki na watoto wa mgonjwa, au wafuata na chakula. Hakuna anayelipwa. Kesho itakuwa zamu yake.

Ng'ambo ya mpaka, katika Kigezi, waiita engozi, na huko desturi imekuwa chama chenye sheria. Nyumba za kilima zimeandikwa katika daftari. Asiyekuja kubeba, wala hana sababu, atoa faini. Kila nyumba yatoa mchango mdogo, na feza hizo zaweza kukopeshwa kwa mwenye shida. Nguvu ya vyama hivi ilionekana mwaka 1996, hospitali ya Kisiizi, iliyo ya Waanglikani, ilipoanza bima ya matibabu kwa watu wa vijijini. Haikutafuta njia mpya. Iliandikisha watu kwa kufuata vyama vyao vya engozi, kwani huko watu walikuwa wamekwisha kuzoea kutoa kabla ya kuugua.

Tuangalie mambo mawili. La kwanza: ingobyi yatengenezwa kabla ya ugonjwa. Hakuna anayekwenda kukata miti mgonjwa akiwa anatapika mlangoni. La pili: yahesabu watu kwa kilima, haiwahesabu kwa ukoo. Mjane asiye na mtoto, na mgeni aliyefika mwaka jana, wote wamo katika hesabu ikiwa wakaa hapo na wamekubali zamu. Hizo ndizo nguvu zake. Udhaifu wake ni kwamba yataka mabega manane karibu ya mgonjwa mmoja, jasho kwa jasho. Twende tuone nini kilitokea maradhi yalipogusa udhaifu huo.

III. Goma, 1994: watu wengi pasipo kilima

Katika mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji makubwa ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kwa siku chache tu. Tarehe 20 Julai kipindupindu kilionekana. Watu walikunywa maji ya ziwa Kivu yasiyochemshwa, wala hapakuwa na vyoo, kwani inchi ya Goma ni mawe yaliyotapikwa na Nyiragongo. Kwa sababu hiyohiyo makaburi hayakuchimbika, na maiti zikalazwa kando ya barabara zimefungwa katika mikeka. Waliokufa katika mwezi wa kwanza wakadiriwa kuwa karibu 50,000.

Dawa ya kipindupindu si ngumu. Ni maji safi, chumvi na sukari kwa vipimo, mgonjwa apewe upesi na tena na tena, usiku na mchana. Lakini yataka mtu wa kushika kikombe. Waganga waliochunguza maneno ya Goma waliandika tangu 1995 kwamba vyakula vilipita mikononi mwa wakubwa wa wakimbizi, na nyumba zisizo na mwanaume zilipata njaa kuliko nyingine. Maana yake, palikuwa na umati wa watu, lakini ujirani ulikuwa umevunjika. Vyakula vilifika Goma. Kwa mjane havikufika, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jina lake katika daftari isipokuwa mkubwa, na mkubwa alianza na watu wake.

Fundisho hili ni kali kwetu sisi tunaogawa misaada ya Karitasi.

IV. Ebola, 2018-2020: mti usioshikwa

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola huko Mangina, upande wa Beni. Ugonjwa huo ulidumu karibu miaka miwili, hata tarehe 25 Juni 2020. Walioupata walikuwa 3,470, na 2,287 wakafa. Ebola yashika hasa wanaopenda: anayemwosha mgonjwa, anayemkumbatia, anayeiosha maiti. Katika mwezi wa Juni 2019 jamaa moja, waliokuwa wamemwuguza babu yao huko Kongo, walivuka mpaka mpaka Kasese, Uganda. Mtoto wa miaka 5 na nyanya yake wakafa. Hawakuwa na kosa isipokuwa kutimiza desturi ya mapendo.

Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alijulikana Goma. Alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Butembo. Dereva na abiria wakatafutwa mmoja mmoja, wakachanjwa. Wagonjwa wa Goma hawakupita wanne. Kilichookoa mji mkubwa vile kilikuwa chanjo na orodha: nani aliketi karibu na nani, nani alimgusa nani. Jambo hilo si geni kwa mtu wa kilima. Kila mama wa Bwisha aweza kukuambia ni nani aliyeingia nyumba ya jirani tangu juma lililopita.

Kwetu Ebola haikufika, lakini hofu yake ilifika. Hapa naomba ruhusa niseme jambo langu mwenyewe. Mwaka ule nilikuwa shemasi, nami nilikuwa likizoni juu ya kilima kimoja cha Jomba. Jioni moja mjane mzee, asiye na mtoto wa karibu, alishikwa na homa kali na kutapika. Watu wakaitwa, wakaja kama desturi. Ingobyi ikawekwa chini mbele ya mlango. Halafu hakuna aliyeshika mti. Tulisimama wanaume zaidi ya kumi, na kila mmoja alimtazama mwenzake. Nami nilisimama. Nilijiambia kwamba mimi si mtu wa kubeba, kazi yangu ni kusali.

Katekista wetu, mtu aliyesoma madarasa machache tu, ndiye aliyesema: «Tumpigie simu mwuguzi kwanza.» Mwuguzi wa kituo cha afya aliuliza maswali, akaeleza namna ya kufunika mikono, kutogusa matapishi, na kuosha miti kwa dawa ya klori baada ya safari. Katekista akafunga mikono yake katika mifuko ya plastiki, akashika mti wa kwanza. Wa pili akaja, na wa tatu. Mimi nilikuwa wa nne. Ilikuwa malaria, mama yule akapona. Lakini nusu saa ile tuliyosimama sijaisahau. Kama angekufa mbele yetu, tungesema Ebola imemwua, na ingekuwa uwongo.

Tangu siku hiyo nimefahamu kwamba hofu peke yake haivunji ingobyi. Hofu isiyo na maarifa ndiyo inayoivunja. Katekista aliogopa kama sisi, lakini alijua mtu wa kumwuliza. Katika Beni na Butembo twaona jambo hilohilo kwa ukubwa. Pale watu wasiojulikana walipofika na motokari na nguo nyeupe kuchukua maiti, mara nyingi palikuwa na mawe na matusi. Pale vijana wa mahali walipofundishwa kuzika wenyewe kwa namna ya salama, jamaa wakisimama kwa mbali na kusali, watu walikubali kwa wepesi zaidi.

V. Korona: mzigo wavuka, mtu abaki

Ebola haijaisha bado, korona ikaingia. Mgonjwa wa kwanza wa Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tangu tarehe 19 masomo na makanisa yalifungwa. Tarehe 24 Rais alitangaza hali ya dharura. Uganda nayo ilikwisha kufunga mipaka yake kwa watu, ikaacha makamyo ya mizigo yapite. Bustani ya Virunga ilikataa wageni, kwani ngagi wa milimani waweza kuambukizwa maradhi ya watu. Na feza walizoleta wageni zikakauka.

Hapo Bunagana kulitokea jambo la ajabu: mzigo wa saruji ulivuka, mama mwenye kikapu akabaki. Sasa turudie ile tofauti niliyosema. Mkulima aliumia kwa kukosa soko, lakini chungu chake hakikukauka. Mtu wa barabara alikosa siku ya kwanza, akakopa siku ya tatu, akafungiwa deni dukani.

Wengi walikuwa na likelemba. Sote twaijua: watu kumi watoa kila juma, na kila juma mmoja achukua yote. Likelemba ni msaada mzuri kabisa mtu mmoja akipatwa na shida na tisa wakiwa wazima. Lakini tauni haipigi mtu mmoja. Wote kumi wakikosa kazi siku moja, kikapu cha likelemba ni kitupu siku ileile watu wote wanapokihitaji. Ingobyi ni tofauti, kwa sababu haiombi feza: yaomba mabega, saa za kazi, kipande cha shamba, debe la maharagi. Ndiyo sababu, wakati wa shida ya wote, mtu wa mji huyatazama mashamba ya milimani. Anayepewa mstari wa viazi kulima, au mbegu za kurudisha wakati wa mavuno, amesaidiwa zaidi kuliko aliyepewa franka chache.

Na Eklezya je? Makanisa yalifunguliwa tena katika Agosti 2020. Miezi ile mitano ilituonyesha nini kinabaki parokia ikifungwa. Vilibaki redio kwa ajili ya Misa, na shirika, yaani zile jumuiya ndogo za wakristu wa mtaa mmoja. Shirika lililozoea kukutana kwa kusali tu lililala. Shirika lililokuwa na desturi ya kuuliza kila juma nani mgonjwa, nani hana chakula, liliendelea kuuliza mlangoni, mtu mmoja mmoja, pasipo mkutano.

Wengine walinung'unika kwamba kufunga kanisa ni kukosa imani. Wakumbuke Mtakatifu Karolo Borromeo. Tauni ilipoingia Milano mwaka 1576, wakubwa wengi walikimbia mji. Yeye askofu alibaki. Watu walipofungiwa katika nyumba zao, aliamuru altare ziwekwe katika njia za mji, ili wasikie Misa madirishani pasipo kukusanyika. Mapazia ya nyumba yake aliyafanya nguo za maskini. Basi alishika pamoja vitu viwili ambavyo sisi twavitenga: alikubali sheria ya kutokaribiana, wala hakumwacha mtu.

Hata serikali zaweza kushika vitu hivyo viwili. Tarehe 1 mpaka 3 Julai 2020, mipaka ikiwa imefungwa, Uganda ilifungua njia huko Zombo kwa ajili ya Wakongomani karibu 3,000 waliokimbia mauaji ya Ituri. Waliwekwa kwanza katika karantini, halafu wakahamishwa. Mlango ulifunguliwa, na ulilindwa.

VI. Usiku wa Novemba 2021

Kipimo kikubwa kilikuja wakati korona ilikuwa bado. Usiku wa tarehe 7 Novemba 2021 waasi wa M23 walishambulia vilima vya Chanzu na Runyoni, karibu na Bunagana. Watu 11,000 hivi walivuka kwenda Kisoro kwa muda mfupi kabisa, wengi wao kwa njia ya Bunagana, wengine kwa Kibaya. Walibeba magodoro, mbuzi na wazee. Ni nani angewaambia wasimame mita moja kati ya mtu na mtu?

Wengine walipelekwa kituo cha Nyakabande. Wengine walilala nje, au kwa jamaa na rafiki wa Bufumbira, na wengi walirudi baada ya siku chache. Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana yenyewe ikaanguka mikononi mwa M23, na maelfu wakavuka tena. Hatari ya korona kwa dunia yote haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 5 Mei 2023. Basi watu wa Bunagana walipita tauni na vita kwa wakati mmoja, na yule jirani aliyewafungia mlango mwaka 2020 ndiye aliyewafungulia mwaka 2021.

Sisemi hivi ili kulaumu. Mwaka 2020 kufunga kulikuwa na sababu yake. Nasema ili tufahamu kwamba mpaka uliochorwa mwaka 1910 haukuweza kuondoa hesabu ya kilima. Mtu wa Kisoro alipomwona mtu wa Jomba na mtoto mgongoni, hakumwuliza karatasi kwanza.

VII. Mambo ya kushika

Ninyi waseminari, kesho mtapewa parokia zenye mashirika makumi, na njia nyingi zitakuwa za miguu. Na ninyi makatekista, mmekwisha kuwa huko. Habari hizi zatuonyesha mambo matatu ya kufanya, nayo yafanywe wakati wa afya.

La kwanza, kila shirika liwe na daftari la wasio na mtu: mjane, mzee, mgeni, mkimbizi, hata asiye wa dini yetu. Majina yaandikwe na majirani wenyewe, yasomwe mbele ya wote, wala yasikae mfukoni mwa kapita wala mwa padri peke yake. Tumeona Goma nini kilimpata mjane asiyeandikwa.

La pili, ingobyi iwe na sabuni, klori, mipira ya mikono, na namba ya simu ya mwuguzi. Watu wawili au watatu wafundishwe kubeba na kuzika kwa salama. Mbegu na chakula kidogo viwekwe pamoja, kwani likelemba haitoshi siku ya shida ya wote.

La tatu, tuwafundishe watu kwamba mara nyingine kukataa ni kupenda. Tunaye shahidi wa jambo hili katika jimbo letu, Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma. Alikuwa mtumishi wa ofisi ya kuchungua mali zinazoingia mpakani. Mwaka 2007 alipewa feza apitishe mchele ulioharibika, akakataa, kwa sababu ungewadhuru wale wangeula. Wakamwua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Eklezya ilimtangaza Mwenyeheri huko Roma. Aliwalinda watu ambao hakujua hata majina yao, kwa kusema hapana kwenye mpaka.

Katekista wa Jomba alisema ndiyo mbele ya mlango wa mjane. Floribert alisema hapana mbele ya mzigo. Wote wawili walijiuliza kwanza ni nani atakayeumia. Swali hilo laweza kufundishwa katika shirika dogo kabisa, juu ya kilima kisicho na njia. Tulifundishe mapema, kabla mgonjwa hajalazwa mlangoni, ili siku ile tusisimame nusu saa tukitazamana.